Jozi 46 za kwanza safi, baada ya hapo vekta zote vurugu. Wazoefu wa PIV naombeni msaada

Mkondo_Taratibu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Hii ni wiki ya tatu nimekwama, na msimamizi wangu siku hizi akinikuta koridoni hasalimii, anauliza tu "umefikia wapi?". Niko maabara ya maji chuoni, Dar. Napima jinsi maji yanavyoizunguka nguzo ya duara, mfano wa nguzo ya daraja.

Kwa wasioijua PIV: unamwaga chembe ndogo sana kwenye maji, unazimulika kwa leza iliyotandazwa ikawa nyembamba kama kioo cha dirisha, unapiga picha mbili za harakaharaka. Programu inazikata picha vijidirisha vidogo na kutazama chembe za kila kijidirisha zimesogea wapi. Umbali gawa kwa muda, umepata kasi, na kila kijidirisha kinapata mshale wake wa kasi: hiyo ndiyo vekta.

Leza yangu ni Nd:YAG ya vichwa viwili, mwanga wa kijani wa 532 nm, kila kichwa kinapiga mara 15 kwa sekunde. Ni mtumba, ilibaki kwenye mradi uliokwisha. Kamera ni ile ya viwandani ya USB 3, pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli mikroni 5.5, shata yake inafungua sensa nzima kwa mpigo mmoja. Inaona eneo la sentimita 20. Maji yanakwenda 0.2 m/s, nguzo ina kipenyo cha sm 4, chembe ni vitufe vya kioo vyenye uwazi ndani, mikroni 10. Kati ya mpigo wa kwanza wa leza na wa pili nimeweka milisekunde 4, kwa hiyo chembe inatakiwa isogee kama pikseli 8. Vijidirisha vyangu ni 32 kwa 32, nimeshika ile kanuni ya robo (chembe isisogee zaidi ya robo ya kijidirisha).

Shida ni mbili. Moja, picha ya kwanza ya kila jozi ina giza, ya pili inang'aa. Pili, jozi 46 za mwanzo zinatoa vekta nzuri kabisa, unaona na visulisuli vya maji nyuma ya nguzo. Kuanzia ya 47 ni kama mtu kamwaga njiti za kiberiti mezani.

Nimechakata kwa PIVlab, nikarudia kwa OpenPIV, matokeo ni yaleyale. Nimeongeza kijidirisha hadi 64, hola. Mimi nahisi kichwa cha kwanza cha leza kimechoka. Kuna mtu amewahi kukutana na hii?

Jembe_la_Mkoa

Leza ya mtumba ni kama Corolla ya mtumba mkuu, anza na plagi 😂

Naweka kambi hapa, ingawa nimeelewa neno "maji" tu.

Kaka_Kodi

Mleta uzi, hiyo rahisi. Kabla ya kuchakata, sawazisha mwanga wa picha zote zifanane. Mistari mitatu tu ya Python. Programu inachanganywa na hiyo tofauti ya giza na mwanga.

Mkondo_Taratibu

Nimefanya hivyo dakika hii mkuu. Picha sasa zinafanana kama mapacha. Vekta bado vurugu kuanzia 47.

Bi_Shata

Kaka Kodi, usimsawazishie mtu picha kabla hatujajua anaumwa nini. Mdogo wangu, rudi kwenye picha mbichi na uzitunze. Hiyo tofauti ya mwanga tutaihitaji.

Tena wala si ugonjwa. Kamera yako ina sensa ya pikseli milioni 4 na inahitaji kama milisekunde 11 kuisoma yote. Wewe unataka picha mbili zenye mwachano wa milisekunde 4. Kwa njia ya kawaida haiwezi. Kinachofanyika ni ujanja: shata ya picha A (ya kwanza ya jozi; ya pili ni B) inafunguka kidogo, leza inapiga kuelekea mwisho wake, shata inafunga. Hapohapo, ndani ya mikrosekunde chache, picha B inaanza kufunguliwa, na leza ya pili inapiga humo. Lakini B haiwezi kufungwa mpaka A imalize kusomwa. Kwa hiyo B inakaa wazi muda mrefu kuliko A, inakunywa mwanga wote wa chumbani: taa za juu, skrini ya kompyuta, dirisha ambalo mtu kaziba kwa boksi lenye tundu. Kila mtu anayetumia mtindo huu ana B angavu kuliko A. Ukitaka kuipunguza, zima taa na weka mbele ya lenzi kichujio kinachopitisha 532 peke yake.

Kuhusu kichwa kilichochoka, usihisi, pima. Funga kichwa cha 2, piga kwa kichwa cha 1 peke yake, tazama ni picha ipi ina chembe. Kisha geuza. Kichwa cha 1 kinatakiwa kionekane kwenye A tu, cha 2 kwenye B tu. Kikionekana pasipo pake, triga zako (ishara za kuamsha leza na kamera) zimepishana. Na uvae miwani ya 532, usinijibu eti "niliangalia pembeni".

Mkondo_Taratibu

Shikamoo dada. Miwani ninayo, ipo moja, tunapokezana.

Nimejaribu. Kichwa cha 1 peke yake: A ina chembe, B haina hata moja. Kichwa cha 2 peke yake: A tupu, B imejaa. Nikachukua na karatasi nyeusi, nikaiweka sehemu mbili kwenye njia ya mwale nikapiga vichwa vyote. Alama zao zinalaliana vizuri. Basi leza ni nzima?

Bi_Shata

Marahaba. Leza ni nzima, na triga ziko sawa angalau mwanzoni. Na hata ukifikiria, leza iliyochoka ingeharibu jozi ya kwanza sawa na ya mia. Yako inafanya kazi jozi 46 halafu inageuka. Kitu kinachoharibika baada ya muda fulani, mara nyingi ni kitu kinachojaa.

Mwl_Fizikia254

Samahani kuingilia kati. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Nakuru. Nina kibomba cha leza ya kijani cha mkononi na simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Wanafunzi wangu wanaweza kuona kitu kama hiki, ama niache tu?

Bi_Shata

Usiache mwalimu. Maji yaende polepole, sentimita chache kwa sekunde. Mbele ya leza weka fimbo nyembamba ya kioo ili mwale utandazike uwe pazia. Leza yako inawaka mfululizo, kwa hiyo huna habari ya mipigo: fremu moja na inayofuata ndiyo jozi yako, mwachano 1/240 ya sekunde, na ukiona chembe hazijasogea vya kutosha unaruka fremu kadhaa.

Mambo matatu tu. Shata ya simu inasoma mstari kwa mstari, kwa hiyo juu ya picha na chini ya picha si wakati uleule. Kwa maji ya taratibu hutaona madhara, kwa maji ya kasi utadanganywa. Zima kile kitu cha kutuliza video. Chenyewe kinasogeza picha ili mkono wako usionekane unatetemeka, nawe utakuja kupima kasi ya programu ya simu ukidhani ni maji. Na funga fokasi na mwanga visijirekebishe vyenyewe.

Halafu hizo leza za kijani za bei rahisi, nyingi hutoa pia mwanga wa 808 na 1064 nm usioonekana kwa macho, kwa sababu mtengenezaji kabana kichujio. Watoto wakae nyuma ya leza, wasikae mbele yake, na pasiwe na kitu kinachong'aa mezani. Saa za mkononi zivuliwe.

Mwl_Fizikia254

Asante sana dada. Nitaleta majibu. Saa yangu ndiyo inang'aa kuliko zote.

Fundi_Osilo

Nimesoma uzi wote. Niko Ujerumani, nafanya kazi hizi na upepo, si maji, lakini kamera ni kamera. Bi Shata amegusa penyewe.

Mkondo, nijibu maswali mawili, na usinijibu kwa kichwa, nenda kapime.

1. Ukibonyeza kurekodi picha 400 (jozi 200), inachukua sekunde ngapi kwa saa ya ukutani?
2. Chukua picha MBICHI, zile za kabla ya ushauri wa Kaka Kodi. Kokotoa wastani wa mwanga wa kila picha, utuwekee hapa picha ya 85 hadi ya 104.

Kaka_Kodi

Nimeshapokea lawama zangu, endeleeni 🙏

Mkondo_Taratibu

Mkuu Fundi, nimerudia mara tatu. Sekunde 24, 25, 25.

Wastani wa mwanga, picha ya 85 kwenda mbele:

85: 212
86: 641
87: 210
88: 644
89: 213
90: 639
91: 211
92: 642
93: 640
94: 643
95: 212
96: 641
97: 641
98: 209
99: 642
100: 640
101: 211
102: 644
103: 638
104: 642

Ngoja. Mpaka 92 ni giza, mwanga, giza, mwanga. Halafu 93 ni mwanga tena??

Fundi_Osilo

Umeiona mwenyewe. Picha ya A iliyotakiwa kuwa ya 93 haikufika. Iliyoandikwa 93 ni B. Toka hapo programu yako inachukua B na B, B na A, chochote kilicho jirani, na kuziita jozi. B ya jozi moja na A ya jozi inayofuata zimeachana kama milisekunde 63 badala ya 4. Kwa kasi yako chembe imeshasogea zaidi ya pikseli 120. Kijidirisha cha 32 kitampata wapi mtu aliyehama mtaa?

Sasa saa yako. Mipigo 15 kwa sekunde mara picha mbili ni picha 30 kwa sekunde. Picha 400 zinatakiwa ziishe kwa sekunde 13 na kidogo. Wewe unatumia 25. Hizo sekunde zote za ziada kamera inapiga, leza inapiga, na kompyuta inatupa picha chini ya meza bila kukuambia.

Nikisie. Unahifadhi biti 12 kwenye faili za biti 16, kwenye hadi diski ya kuzunguka, siyo SSD.

Picha moja hapo ni 2048 × 2048 × baiti 2, sawa na MB 8.4. Mara 30 ni MB 252 kila sekunde. Hadi diski ya kawaida inaandika tuseme MB 120 kwa sekunde ikiwa na hali nzuri. Ziada inasubiri kwenye bafa, ile kumbukumbu ya muda. Picha 92 ni sekunde 3.07 za kurekodi: zimeingia MB 772, zimetoka MB 368, zimebaki MB 404 zinasubiri foleni. Gawa kwa 8.4 unapata picha 48. Fungua mipangilio ya kamera, tazama bafa imewekwa picha ngapi. Nasema iko karibu na 48.

Mkondo_Taratibu

Bafa: 50.

Mkuu nimesimama. Nimemwita na jamaa wa maabara ya jirani aje asome.

Na ndiyo, biti 12, hadi diski. Mashine ina SSD lakini ni ndogo na imejaa data za mwenzangu, nikaona niwe muungwana niandike kwenye diski kubwa.

Swali: mbona kila faili ina namba kwa mpangilio, 0091, 0092, 0093, bila pengo? Nilizikagua majina siku ya kwanza kabisa, nikasema hakuna iliyopotea.

Fundi_Osilo

Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga. Namba ya faili inatolewa na programu ya kuhifadhi, na yenyewe inahesabu inazozipokea. Kamera nayo ina kaunta yake, inahesabu inazozipiga, na kila picha inabeba namba hiyo pamoja na saa iliyopigwa. Waza mlinzi getini anayeandika wageni 1, 2, 3 wanavyoingia. Hajui kama kuna aliyeshuka njiani. Mwambie mwandishi wa programu yako aihifadhi namba ya kamera ndani ya jina la faili. Kama programu hairuhusu, basi wastani wa mwanga ni shahidi wako, maana A na B zako zinatambulikana kwa sura.

Bi_Shata

Ndiyo maana nilisema zisisawazishwe. Kaka Kodi alikuwa anamsafishia mshukiwa alama za vidole.

Kaka_Kodi

Dada basi 😭

Bi_Shata

Tunakupenda hivyohivyo.

Mkondo, dawa: usiandike kwenye diski wakati wa kurekodi. Rekodi kwenye RAM, kisha uhifadhi ukimaliza. Picha 400 ni kama GB 3.4, mashine yenye GB 16 haitahisi. Ukitaka nyingi zaidi, shuka biti 8, uzito unakuwa nusu, na kwa PIV ya maji hutajuta. Halafu hakikisha kamera imechomekwa tundu la USB 3 peke yake. Usipitishe kwenye hab moja na kibodi, diski ya nje na chaja ya simu ya mtu.

Halafu nataka uniwekee kipande cha picha A ya jozi safi, pikseli 100 kwa 100, bila kukuza kwa ulaini. Kuna kitu sijakipenda: umesema picha B inang'aa na A ina giza, na hukusema tundu la lenzi liko ngapi.

Mkondo_Taratibu

f/2.8 dada. Nilifungua mpaka mwisho kwa sababu picha A ilikuwa giza. Kipande nimeambatisha. Kila chembe ni nukta moja, kali kabisa, nikafurahi.

Bi_Shata

Hapo ulipofurahi ndipo mimi ninapohuzunika. Chembe ya pikseli moja ni kali kwa macho na ni sumu kwa vipimo.

Angalia. Programu haihesabu tu "imesogea pikseli 8". Inatafuta 7.9, 8.1, 8.3, na inaipata kwa kutazama jinsi mwanga wa chembe ulivyogawana pikseli za jirani. Chembe ikiwa ndani ya pikseli moja hakuna cha kugawana, kwa hiyo majibu yanavutwa kwenye namba kamili. Chora chati ya misogeo ya vekta zako zote za zile jozi 46. Utaona vilima kwenye 6, 7, 8, 9 na mabonde katikati.

Ukubwa wa chembe kwenye sensa hapa hauamuliwi na zile mikroni 10. Picha yako imepunguzwa mara 18 hivi, kwa hiyo chembe yenyewe ingekuwa nusu mikroni. Kinachoamua ni mwanga unavyotawanyika kwenye tundu la lenzi: 2.44 mara namba ya f mara (1 + ukuzaji) mara urefu wa wimbi. Ukuzaji wako ni 0.056. Kwa f/2.8 ni mikroni 3.8, yaani pikseli 0.7. Kwa f/8 ni mikroni 11, yaani pikseli 2 kamili. Nenda f/8.

Utapoteza mwanga mara 8, kwa hiyo pandisha nguvu ya leza polepole. Kabla hujapandisha, ifunike nguzo rangi nyeusi isiyong'aa pale pazia la leza linapoigusa, la sivyo utaiunguza sensa kwa mrudisho.

Jembe_la_Mkoa

Mimi nauza vifaa vya ujenzi lakini nimeacha wateja nasoma huu uzi. Kwa hiyo alifungua tundu ili aponye giza ambalo halikuwa ugonjwa, akapata ugonjwa wa kweli?

Bi_Shata

Umeelewa kuliko wengine niliowafundisha.

Fundi_Osilo

Jambo dogo la kuongezea. Mkondo, maji ya bomba yakiingizwa mferejini na kupata joto la chumba yanatoa vipovu vidogo. Vinang'aa kuliko chembe, vinapanda juu, na vinakupa kasi ya wima ambayo haipo. Jaza mfereji jioni, washa pampu asubuhi. Kama pampu inavuta hewa upande wa kuingiza, kusubiri hakutasaidia, kaza kwanza viungo.

Mkondo_Taratibu

Wakuu, siku nne baadaye narudi na mrejesho.

Nimerekodi kwenye RAM. Picha 400 kwa sekunde 13, saa ya simu. Wastani wa mwanga unapishana giza na mwanga kuanzia ya 1 hadi ya 400 bila kuruka. Jozi zote 200 zina vekta zinazoeleweka.

Chati ya misogeo: dada, vilima vilikuwepo, kama ngazi. Kwa f/8 vimelainika, kimebaki kimoja tu kikubwa chenye mteremko. Nguzo tumeipaka rangi nyeusi ya dawa ya kupuliza, ile ya mabomba ya egzosi. Bado karibu na ukuta wa nguzo, milimita mbili hivi, kuna mng'ao, nimeziba eneo hilo lisichakatwe.

Vipovu: kiungo cha pampu kilikuwa kinavuta hewa kweli. Fundi bomba wa chuo alikaza kwa dakika tano, akauliza kama hiyo ndiyo shahada yenyewe.

Kujihakikishia, nikadondosha rangi ya pamanganeti nyuma ya nguzo nikahesabu visulisuli vya upande mmoja kwa macho: 21 ndani ya sekunde 20. Kwenye PIV, jozi 200 ambazo ni sekunde 13.3, nimehesabu 14. Zote mbili ni 1.05 kwa sekunde. Ukizidisha kwa sm 4 na kugawa kwa 0.2 m/s, namba ya Strouhal (inayolinganisha kasi ya kuzaliwa visulisuli na mwendo wa maji) inakuwa 0.21, na kwa nguzo ya duara kwenye mwendo kama huu hutarajiwa kuwa karibu 0.2. Mfereji wangu ni mwembamba, maji yanabanwa kidogo, kwa hiyo hiyo ziada sishangai nayo.

Msimamizi kaangalia, kanyamaza, kasema, "Sasa weka nguzo mbili."

Fundi_Osilo

Kwa nguzo mbili, moja itaweka kivuli cha leza juu ya nyingine. Anza kutafuta kioo cha kurudishia mwale upande wa pili.

Mwl_Fizikia254

Nami nimeleta majibu. Tulitumia beseni la plastiki lenye upande wa kioo, na unga wa mahindi kidogo sana kama chembe. Unazama baada ya muda, lakini dakika tano za mwanzo zinatosha. Nilisahau kuzima ule utulizaji wa video mara ya kwanza. Beseni lilionekana linaogelea, maji yametulia.

Jembe_la_Mkoa

Mkondo, hiyo hadi diski kubwa kama huitumii tena, unauza bei gani?